Fundi Alifuta Sauti ya Baba Kisha Akanipa Simu Akitabasamu

Niko na miaka thelathini na nane, naishi Kitengela na mume wangu na watoto wetu wawili, na kazi yangu ni kuuza mbuzi. Naandika haya nikiwa na hasira. Nilingoja ipoe ndio niandike vizuri, nikangoja wiki, nikangoja mwezi... haikupoa. Mtanivumilia.

Kuna fundi wa simu hapa mtaani kwetu, nitamwita Kevo. Huyu mtu alinipotezea kitu ambacho hata akilia mbele yangu siku saba hawezi kunirudishia. Na kilichonichoma zaidi si kwamba alikosea. Watu hukosea. Ni vile alinitazama machoni baadaye na kunidanganya, huku akijua nilikuwa naenda wapi na hiyo simu.

Wacha nianze mahali ilipoanzia.

Mimi ni Mmaasai wa Bisil. Miaka kumi iliyopita niliondoka nyumbani na Mutua, Mkamba mmoja mpole aliyekuja kwetu kujenga kanisa la mawe. Baba alikuwa ameshakubaliana na familia nyingine kunihusu. Aliposikia nimeenda, alisimama mbele ya ndugu zake akasema hana binti wa jina langu. Kwetu neno kama hilo likitoka kwa mzazi si la kuchezewa. Linakaa juu yako mpaka yeye mwenyewe aliondoe kwa mdomo wake.

Kwa miaka tisa nilikuwa naenda soko la Bisil kununua mbuzi, na mara nyingi baba alikuwa hapo. Ananiona, anageuka, anaanza kuangalia meno ya ng'ombe wa mtu. Mimi nafunga mbuzi wangu, narudi Kitengela. Nilizoea? Mtu huzoea kitu kama hicho?

Sasa kuhusu simu. Wateja wangu huagiza kwa kupiga, hawaandiki. Mtu anaagiza beberu mkubwa wa sherehe, mnyama akifika anasema yeye alitaka mbuzi mdogo wa supu, na ati mimi ndio sikusikia. Nilichoka kubishana. Kevo akaniambia dawa ni kurekodi kila simu inayoingia, ila simu za siku hizi zimezuiwa kurekodi. Ili zikubali, lazima fundi aifungue simu hadi ndani kabisa, mwenye simu apewe nguvu ambazo kampuni ilificha. Mafundi wanaita kuruti. Akaifanya, akaweka programu ya kurekodi, na tangu siku hiyo kila mazungumzo yalijihifadhi yenyewe ndani ya simu, mahali ambapo bila hizo nguvu huwezi kufika.

Iliwanyamazisha wateja wangu wengi.

Kisha asubuhi moja mwaka jana nikiwa nyuma ya bucha nafunga mbuzi, ikaingia namba nisiyoijua. Nikashika nikidhani ni mteja. Nikasikia, "Entito ai." Binti yangu.

Nikaketi pale pale kwa mavi ya mbuzi.

Alikuwa ameazima simu ya jirani. Aliniambia amekuwa mgonjwa, na hataki kwenda na neno lile mdomoni. Akauliza majina ya watoto wangu. Nikamwambia wa kwanza ni Mwende, wa pili ni Lemayian. Akacheka, akasema nimewachanganya Wakamba na Wamaasai kama mahindi na maharagwe kwenye githeri. Halafu akaanza kunibariki. Kwetu baraka haisemwi tu ikaishia hewani. Mzee anatoa maneno, na kila akimaliza neno moja wanaosikiliza wanaitikia, "Naai." Mimi nilikuwa peke yangu na mbuzi wanne. Nikaitikia. Naai. Naai. Naai. Mwenye bucha akatoka nje kuangalia naongea na nani huku nikilia hivyo.

Dakika kumi na moja. Simu ikarekodi zote.

Tulipatana nitawaleta watoto shule zikifungwa. Shule hazikuwa zimefungwa baba alipokufa.

Kaka yangu mkubwa, Koinet, ndiye alinipigia kunijulisha. Na bila hata kunipa pole, akaniambia naruhusiwa kuja mazishini kama majirani wengine, lakini watoto wa marehemu wakiitwa mbele nisisogee, kwa sababu baba amekufa bila kuondoa neno lake. Nikamwambia aliliondoa. Akauliza ni nani aliitikia. Nikasema ni mimi. Akanicheka. "Mtu hawezi kubarikiwa halafu ajiitikie mwenyewe," akasema. "Hata mimi naweza kusema mzee aliniachia Bisil nzima."

Nilipiga simu kwa baba zangu wadogo, mmoja baada ya mwingine, nikiwaeleza. Wakakaa wakaongea, na nawashukuru kwa hilo. Wakaamua hivi: kama sauti ya ndugu yao iko, niilete Jumamosi asubuhi kabla ya mazishi. Wataisikiliza wote, na kila mahali panapofaa wataitikia kwa midomo yao. Hapo baraka itakuwa imekamilika, na nitasimama mbele na watoto wangu.

Mnaelewa? Kila kitu changu kilikuwa ndani ya hiyo simu.

Jumatano jioni niliichomeka chaji nikijiandaa kwa safari. Kwa wiki kadhaa ilikuwa ikinisumbua niiruhusu ijiboreshe, ipate mfumo mpya. Nikiwa na mawazo yangu, nikabonyeza ndiyo ili iache kunisumbua. Ndiyo tu! Ilipozima na kuwaka, zile nguvu zilikuwa zimeondolewa. Programu ya kurekodi ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba haina ruhusa. Rekodi zangu zote hazionekani.

Alhamisi saa mbili asubuhi nilikuwa kwa kibanda cha Kevo kabla hajafungua. Nilimweleza kila kitu: baba, Koinet, wazee, Jumamosi. Nililia mbele ya wateja wake. Akaishika simu, akabonyeza bonyeza, akasema, "Tulia, Mama Mwende. Sauti ziko. Hakuna kitu imepotea, ni nguvu tu zimeenda na hiyo apdeti. Nazirudisha, unasikiliza mzee wako."

Nilimwambia mara tatu kwamba kama kuna hatari hata kidogo, aiache. Afadhali niende Bisil kuwaomba wazee wanipe siku zaidi kuliko kupoteza. Akasema hiyo kazi ameifanya mara nyingi, hata macho akiwa amefunga.

Ijumaa saa sita mchana akanipigia niichukue. Nilimkuta anatabasamu. "Imeiva," akasema.

Niliiwasha. Majina ya wateja yote yalikuwepo. Picha za watoto zote zilikuwepo. Programu ya kurekodi ilikuwa mahali pake pale pale. Nikaifungua, orodha ikawa tupu, kiduara kinazunguka tu. Nikamuuliza mbona hivi. Akasema mafaili ni mengi, inayasoma polepole, hadi asubuhi yatakuwa yamejipanga.

Nikamwamini. Na nitawaambia kitu ambacho kinanitia aibu mpaka leo: nilimshika mkono huyo mtu nikamwombea. Nilimwomba Mungu ambariki na amwongezee kazi.

Jumamosi tukafika nyumbani, mimi, Mutua na watoto. Baba zangu wadogo walikuwa wameketi ndani ya hema kwa viti vya plastiki, watatu. Koinet alisimama nyuma yao na mikono kifuani. Mama alikuwa kando, akanitengea nafasi karibu naye. Nikatoa simu. Nikaifungua programu.

Ilikuwa imeandika kwamba hakuna rekodi.

Nikaifunga nikaifungua. Nikazima simu nikaiwasha. Hakuna rekodi. Mutua akaichukua akajaribu kwa vidole vyake vikubwa vya ujenzi. Hakuna.

Koinet hakucheka wakati huu. Alisema tu, "Nilijua."

Baba mdogo wa mwisho ana roho nzuri. Akainama akaniambia kwa upole, "Binti, acha simu. Tuambie maneno yenyewe aliyosema mzee. Tutaitikia."

Hapo, wasomaji wenzangu, ndipo nilipokufa. Kwa sababu sikuyajua.

Nilijua maana yake. Nilikumbuka alitaja watoto, akataja mvua, akataja nyayo zangu mahali popote nitakapokanyaga. Lakini maneno ya baba, vile yeye aliyapanga, yalipokuwa yanafuatana... niliisikiliza mara moja tu tena baada ya siku ile, nikaona inaniuma, nikajiambia iko ndani, nitaisikiliza wakati wowote. Niliiachia simu kazi ya kukumbuka. Nikaanza, nikakwama. Nikarudi mwanzo, nikaweka mvua mahali pa watoto. Nikaongeza neno ambalo hata mimi nilisikia si la baba.

Koinet akasema, "Hayo ni maombi ya kanisani."

Wazee wakaangalia chini. Hakuna aliyeitikia. Nilingoja, na hakuna.

Nilimzika baba nikiwa nimesimama na majirani. Watoto wa marehemu walipoitwa, mama aligeuka akanitafuta kwa macho, na mimi nikaangalia pembeni.

Jumatatu niliipeleka simu kwa fundi mwingine, mwanamke mmoja wa Kajiado mjini ambaye hata hanijui. Hakuchukua muda. Akaniambia, "Mama, hii simu ilifutwa yote Ijumaa asubuhi, ikaanzishwa upya. Majina na picha zimejirudisha kutoka kwa akaunti yako ya mtandao. Rekodi hazikuwa huko, kwa hivyo hazirudi."

Nikamuuliza kama kulikuwa na njia nyingine. Akasita, nikamsihi aniambie ukweli. Akasema ili kurudisha zile nguvu baada ya apdeti, fundi anahitaji faili ndogo ya mfumo ule ule mpya. Faili hiyo ya simu yangu ilikuwa haijatolewa bado, na kwa hali ya kawaida ingetoka baada ya siku chache. Mtu akiweka faili ya mfumo wa zamani kwa haraka, simu inakwama kwenye nembo ya kampuni, haiendelei. Hata hapo, akasema, rekodi zinakuwa bado ziko ndani. Ni kungoja tu. Kufuta kulikuwa kwa nini, hata yeye hakuelewa.

Nilielewa mimi.

Nilienda kwa Kevo moja kwa moja. Sikupiga kelele, nilimuuliza tu. Alianza na hadithi ya apdeti kuharibu vitu. Nikamwambia yale niliyoambiwa Kajiado. Kisha akakubali: aliweka faili ya zamani, simu ikakwama, akaogopa nitasema ameniulia simu. Akaifuta ili iwake, akarudisha nguvu zake, akaweka programu mahali pake nisishtuke.

"Ulijua ni tupu nikitoka hapa?" nikamuuliza.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua naenda kuifungua mbele ya wazee?"

Akajikuna kichwa. Mnajua alichojibu? "Lakini si simu sasa inafanya kazi vizuri, Mama Mwende?"

Kama angeniambia Ijumaa! Hata kama sauti ilikuwa imeshaenda. Ningeenda Bisil mikono mitupu lakini nikijua. Ningeketi kwa hiyo gari nikikumbuka neno baada ya neno, ningemwomba jirani aliyemwazima baba simu asimame na mimi, aseme alimsikia mzee akiongea. Nilikuja kumuuliza huyo jirani baadaye. Alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwa baba, na alisikia. Lakini wazee walikuwa wameshatawanyika, na Koinet anasema jirani huyo nimemfundisha la kusema.

Kevo alitaka kuficha aibu ya dakika tano kwa kibanda chake, na mimi nimebaki nayo maisha yangu yote. Sijamsamehe. Kanisani wananiambia nimsamehe. Nitafika huko siku moja labda, lakini leo siko huko, na sitaandika hapa uongo.

Na mimi pia sijajisamehe. Sikuwahi kuitoa ile sauti hata mara moja nikaiweka mahali pengine, na ingechukua dakika mbili.

Wewe unayesoma, kama uko na sauti ya mzazi wako ndani ya simu, usimalizie hata ukurasa huu. Itume kwa ndugu yako, iweke mahali pawili, patatu. Isikilize mpaka uweze kuisema ukipika. Simu ikikuomba ijiboreshe, ingoje hiyo kazi iishe kwanza. Na kama wewe ni fundi na umeharibu kitu cha mtu, mwambie. Akutukane, akupige hata, lakini mwambie kabla hajatoka.

Juzi nilikuwa naosha vyombo, Mwende akaniuliza kama babu alitaja jina lake siku ile alipopiga. Nikamwambia ndiyo, alilitaja kwenye baraka. Akaniuliza alilisemaje. Nikalisema. Akaniangalia, akatikisa kichwa.

"Si hivyo, mami. Vile yeye alisema."

Nikajaribu tena. Nikajaribu mara ya tatu. Kisha nikamwambia aende akacheze.