Nusu Chupa ya Laurel Fork

Corinne Tackett alimwona Lyle Brashear kabla Lyle hajamwona, akafikiria kutoka kwenye foleni ya kuonja. Hakutoka. Alikuwa mtu wa arobaini kati ya watu sitini waliobanana ndani ya duka la pombe kuukuu mjini Louisville, na mwenye duka alikuwa ameshashika kizibo cha chupa ya Laurel Fork.

Kiwanda hicho cha burboni, wiski ya mahindi ya kule Kentucky, kilifungwa mwaka 1989. Baba yake Corinne, Mzee Otis, alibingirisha mapipa kwenye ghala lake miaka ishirini na sita. Corinne hakuwahi kuonja hata tone la kazi ya baba yake, na baba alikuwa kaburini tangu Machi. Ndiyo maana alikuja, amevaa gauni lile lile la buluu alilovaa kumzika, kwa kuwa halihitaji pasi.

"Kora," Lyle alimwita kwa jina la utani nyuma yake. "Bado unasimama kama mtu anayetaka kupigana na foleni."

"Na wewe bado unanyemelea watu."

Lyle alikuwa na shati jeupe lililonyooshwa vizuri na mvi juu ya masikio. Zilimpendeza, jambo lililomuudhi Corinne.

"Pole kwa Mzee. Nilisoma gazetini."

"Ulisoma, hukuja."

"Ungenifukuza."

"Ningekufukuza ukishakula. Chakula kilibaki kingi."

Lyle akacheka, na kicheko kile kikampata Corinne mahali alipodhani pameshafungwa. Mbele yao mwenye duka aliinua chupa, akaitikisa, akaiweka chini. Imeisha.

"Mimi ninayo," Lyle alisema polepole. "Nusu chupa."

Corinne alimtazama. Kulikuwa na chupa moja tu ya Laurel Fork ambayo Lyle angeweza kuwa nayo. Alichukua mkoba wake akaondoka.

Chupa hiyo waliizika wenyewe walipokuwa wachumba, miaka kumi na miwili nyuma. Mzee Otis aliitoa kabatini akawapa, nao wakaichimbia nyuma ya kanisa, imejaa, mdomo chini, mwezi mzima kabla ya harusi, kama kila mtu kule anavyofanya ili siku yenyewe mvua isinyeshe. Siku ya tisa Corinne alipita na maua akakuta shimo tupu. Lyle alisema, "Niliichukua, nikainywa." Aliulizwa kwa nini, akanyamaza. Aliulizwa tena jikoni, mbele ya Mzee Otis aliyekuwa akimenya viazi, akanyamaza vile vile. Corinne alimrudishia pete ndani ya soksi ambayo Lyle alikuwa ameisahau kwake. Siku ambayo ingekuwa ya harusi jua liliwaka kutwa.

Jumapili simu ililia.

"Kora, usikate."

"Sijakata. Bado."

"Nataka kukujibu lile swali."

Baada ya Lyle, Corinne alikuwa ameolewa, ameachika na kulea binti, na hakuna wiki iliyopita bila swali lile. "Saa nane," alisema. "Binti yangu yuko mazoezini mpaka saa kumi. Na uje na hiyo chupa."

Walikaa barazani, chupa imesimama kati yao ndani ya mfuko wa karatasi. Lyle hakuzunguka.

"Nilimkuta Mzee kwenye shimo, amepiga magoti, udongo mpaka kwenye viwiko. Nusu alikuwa ameshaimaliza."

"Baba alikuwa ameacha pombe. Aliniapia."

"Alikuwa na miaka minne bila kuonja. Alilia, Kora. Aliniomba usijue maadamu yu hai. Nikamwahidi."

Corinne aliliona jiko lile tena: kisu, viazi, mgongo wa baba yake ambao haukugeuka.

"Alinisikia nikikufukuza," alisema. "Akaendelea kumenya."

"Alikuogopa."

"Na wewe je, mjinga wewe? Ungenong'ona tu. Ningewapigia kelele wote wawili, kisha ningeolewa nawe."

"Nilidhani utarudi. Nikaona hurudi."

Corinne aliingia ndani, akatoa vikombe viwili vya chai kabatini, akamimina burboni ya kimo cha vidole viwili katika kila kimoja. Alinusa kwanza, kama baba alivyokuwa akinusa mbao za mapipa. Sukari iliyoungua, tumbaku iliyotundikwa ikauke, na nyuma yake harufu ya koti la Mzee Otis akirudi kazini saa kumi na moja jioni. Akanywa. Akaweka kikombe chini.

"Vipi?" Lyle aliuliza.

"Nzuri. Shenzi, ni nzuri sana."

Alilia kidogo, kwa haraka, akajifuta kwa kiganja. Lyle alimshika vidole, naye akaviacha vishikwe. Ndipo akahisi jinsi Lyle alivyokuwa akisita.

"Sema na lililobaki," alimwambia.

"Ninaoa, Kora. Tarehe kumi na nne mwezi ujao. Sikutaka kuingia kwenye ndoa na siri hii mdomoni."

"Ni mtu mwema?"

"Mwema."

Corinne alirudisha mkono wake. Alikaza kizibo, akakipiga kwa kiganja mara mbili, akairudisha chupa kwenye mfuko wa karatasi na kumsukumia Lyle.

"Leo ni tarehe kumi na nne. Ndiyo siku ya kuizika, basi. Mdomo chini. Chimba chini sana, na usimwonyeshe baba mkwe."

"Inatakiwa iwe imejaa, Kora."

"Najua," alisema, akisimama kukusanya vikombe. "Basi na inyeshe kidogo."