Mama Aliyekataa Mwisho wa Kitabu

"Nani ameandika huu mwisho?"

Mama Adelgunda alikiweka kitabu mezani hata kabla hajaketi. Alikuwa ametoka Nyakasimbi asubuhi ile kwa bodaboda, na vumbi jekundu la njiani lilikuwa bado kwenye viatu vyake.

Nikuze, msimamizi wa maktaba ya umma ya Kanoni, alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeuliza, nani ameandika?"

Nikuze alikitazama kitabu. Jalada la kijani, kona zimelika, na nyuma kabisa karatasi mbili nyeupe zilizobandikwa kwa gundi. Hakuwa na haja ya kukifungua.

"Ni mimi, mama."

Mama Adelgunda akavuta benchi, akakaa. Benchi lile lilikuwa limetengenezwa na mwanawe, Projest, fundi seremala. Wote wawili walijua hivyo, na hakuna aliyelitaja.

Hawakuwa wamesemezana tangu mwaka uliopita, siku Projest alipompeleka Nikuze nyumbani kumtambulisha. Siku ile mama alimpokea vizuri, akampikia, akamsindikiza hadi mwisho wa kibanja, pale migomba inapoishia. Aliporudi ndani akamwambia mwanawe kwamba hapana. Sababu hakuificha. Mama yake Nikuze, Mukashema, aliingia kutoka Rwanda akiwa msichana, akaishi kwa kupalilia kahawa kwenye vibanja vya watu.

"Si watu wabaya," alisema. "Lakini mtu aliyekuja huondoka. Ataondoka na wewe."

Kaka yake Projest alikuwa ameshahamia Mwanza na mkewe, akawa anapiga simu Krismasi tu. Projest ndiye aliyekuwa amebaki. Hakutaka kuoa bila baraka za mama yake, na Nikuze naye hakutaka kuingia nyumba ya mtu kwa mlango wa nyuma. Wakakubaliana kusubiri. Kadiri miezi ilivyopita, kule kusubiri kukaanza kufanana na jibu.

Kitabu kiliingia katikati yao bila mtu kupanga.

Kila Jumamosi maktaba huwa na kundi la vijana wa sekondari. Kila mmoja huchagua kitabu, akakisoma, kisha akasimama mbele ya wenzake kusema nani akisome na kwa nini. Pendekezo lake huandikwa kwenye kipande cha karatasi ngumu na kubandikwa ukutani. Ukuta umejaa. "Soma hiki kama umegombana na dada yako." "Usikisome ukiwa umeinjika maharage, yataungua." "Kizuri, ila ruka sura ya tatu." Likizo ile kazi yao ilikuwa kumsomea mtu mzima wa nyumbani na kurudi na pendekezo lake.

Kokwijuka, binti wa dada yake Projest, anaishi na bibi yake Adelgunda. Alichagua kitabu cha kijani kwa sababu alipenda jalada. Kilikuwa hadithi ya Zamda, binti wa mfinyanzi kutoka mbali, aliyependwa na kijana ambaye mama yake alimfungia Zamda mlango na kumfukuza hata kisimani.

Bibi alisema kitabu kilichotoka maktaba ile hakitasomwa nyumbani kwake. Kokwijuka hakubishana. Alikaa nje ya jiko akawa anajisomea kwa sauti, na bibi ndani akimenya ndizi. Siku ya pili bibi alimwambia asogee, upepo unachukua maneno. Mwanzoni bibi alikuwa upande wa yule mama wa kitabuni. Hadithi ilipofika katikati akaweka kisu chini.

"Huyu mama naye sasa anazidi," alisema.

Kisha kurasa zikaisha. Za mwisho zilikuwa zimechanika miaka mingi iliyopita. Vitabu vingi vya pale ni vya kupokea vikiwa vimetumika, na utaratibu wao ni kwamba kitabu kikikosa mwisho, vijana hutunga wao na kuubandika. Kokwijuka alifika mbio siku ya Jumatano, akasema bibi hawezi kungoja Jumamosi. Hakukuwa na kijana mwingine, basi Nikuze akaketi akaandika mwenyewe. Kalamu ilikwenda kulingana na siku aliyokuwa nayo. Zamda akafungasha vyungu vyake, akaondoka kabla ya jua, hakumuaga mtu, na kisimani hakuonekana tena.

Ndiyo maana sasa Mama Adelgunda alikuwa amekaa kwenye lile benchi.

"Zamda hawezi kuondoka hivyo," alisema.

"Kwa nini asiweze, mama?"

"Mtu aliyelelewa vizuri huaga."

"Angemuaga nani? Mlango ulikuwa umefungwa."

"Ulikuwa umerudishiwa tu. Hakuusukuma."

"Msichana hasukumi mlango wa mama mwenye nyumba. Husubiri aitwe."

Mama Adelgunda akalainisha kona ya kitabu kwa kidole gumba, ikainuka tena.

"Kwa hiyo nilisema kweli," alisema taratibu, bila hasira. "Huwa mnaondoka."

"Mama, mimi nimezaliwa hapa Kanoni. Kitovu changu kimezikwa hapa. Sijawahi kuhama popote. Nkwenda ndiyo itakuwa mara ya kwanza."

Hakuwa amekusudia kuitaja Nkwenda. Ilitoka tu.

"Nkwenda kuna nini?"

Nikuze akamweleza. Kule, wilayani Kyerwa, walikuwa wanafungua chumba cha vitabu, wakahitaji mtu wa kukianzisha. Afisa wa wilaya hiyo alikuwa amempigia Jumatano asubuhi, akampa hadi Jumamosi jioni ajibu. Aliona heri aende. Kukaa karibu na mtu usiyeweza kuolewa naye kulikuwa kumeanza kumchosha.

"Projest anajua?"

"Nilimwambia jana."

"Akasemaje?"

"Alisema atanitengenezea sanduku la kubebea vitu."

Mama Adelgunda akafumba macho kidogo.

"Yule mtoto ni mjinga."

"Ni mpole, mama."

"Ndicho nilichosema."

Nikuze akainama asionekane akitabasamu. Mama akasukuma kitabu upande wake.

"Badilisha huu mwisho."

"Siwezi peke yangu. Msomaji akiukataa mwisho, anakuja Jumamosi, anasimama mbele ya vijana, anatoa wa kwake. Wanamuuliza maswali. Wakiuridhia, tunaubandika juu ya huu."

"Watoto watanihoji mimi?"

"Watakuhoji. Kwa maswali hawana aibu."

Mama Adelgunda akatoka. Baada ya muda mfupi akarudi, akachukua kitabu mezani, akaondoka nacho.

Jumamosi asubuhi simu ya Nikuze ikalia mlio wa ujumbe. Ulikuwa wa Projest.

"Mama amevaa gauni la kanisani na leo si Jumapili. Nimeuliza anakwenda wapi, kasema mkutanoni."

Kabla hajajibu ukaingia mwingine.

"Anataka nimpeleke kwa pikipiki. Kasema nisiulize."

Nikuze aliandika maneno mengi, akayafuta yote, akatuma moja.

"Usiulize."

Vijana walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Mbonimpa, wa kidato cha tatu, alipendekeza kitabu cha ufugaji nyuki na kukiri kwamba bado hajamaliza. Vero alipendekeza hadithi ya watoto mapacha, akawaomba wavulana wasiisome kwa ajili ya kucheka. Kisha Kokwijuka akasimama, akasema amekuja na msomaji wake.

Mama Adelgunda alisimama mbele yao akiwa ameshika kifurushi kidogo cha majani makavu ya mgomba. Alianza kwa Kinyambo, akajirudi akatumia Kiswahili, ili kila mtu asikie sawa. Alisema yule mama aliamka asubuhi akaenda kisimani, akakuta pakavu, hakuna alama ya chungu kilichowekwa. Akaifuata njia hivyo hivyo, bila kurudi kuvaa viatu. Akamkuta Zamda kwenye njia panda.

"Mwisho wangu ndio huo," alisema.

Mbonimpa akanyoosha mkono.

"Bibi, huyu mama amemkataa Zamda kitabu kizima. Mwishoni anabadilika ghafla. Sisi tutaaminije?"

"Hakubadilika ghafla. Alichoka kukataa zamani, ila hakujua aanzie wapi kukubali."

"Na mwanzoni alimkatalia nini hasa?"

Mama Adelgunda alitazama ukuta wenye mapendekezo, kana kwamba jibu lingekuwa limebandikwa pale.

"Aliogopa. Alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja nyumbani. Alidhani akimfungia msichana mlango, mtoto atabaki wake. Na kweli akabaki. Lakini akawa anakula bila kuongea."

Kokwijuka, aliyekuwa anaandika, akaacha kuandika. Mlangoni alikuwa amesimama Projest, kofia ya pikipiki mkononi. Alikuwa ameambiwa angoje nje.

Vero akauliza kwa sauti ndogo:

"Bibi, akimkuta pale njia panda anamwambia nini? Hujasema."

Mama Adelgunda hakuwa anawatazama vijana tena. Alimtazama Nikuze, aliyekuwa amekaa nyuma ya meza yake.

"Anamwambia hivi. Mwanangu, mlango niliurudishia tu, lakini wewe usingeweza kujua. Kosa ni langu. Rudi, uingie kwa mlango wa mbele."

"Na Zamda anajibuje?" Mbonimpa hakuwa na huruma.

"Hilo sijui. Hilo si langu kuliandika."

Vijana wakageuka, mmoja baada ya mwingine, mpaka wote wakawa wanamtazama msimamizi wao. Nikuze akasimama.

"Zamda anatua vyungu chini," alisema.

Kokwijuka akainamia karatasi yake akaandika haraka, asije akasahau. Wanaouridhia mwisho huo wakaombwa wanyooshe mikono. Ikanyooshwa yote. Mbonimpa alinyoosha wa mwisho, akaeleza kwamba ameukubali ila anaona baba wa yule kijana amesahaulika kitabu kizima.

Vijana walipotawanyika, Mama Adelgunda alimpa Nikuze kile kifurushi. Ndani yake kulikuwa na kahawa ya kutafuna, ile anayopewa mgeni wa heshima.

"Mpelekee mama yako. Mwambie Jumapili ijayo tunakuja, mimi na wazee wa ukoo."

"Nitamwambia, mama. Atafurahi."

"Aliwahi kupalilia kahawa kwangu, Mukashema. Hakukata mzizi wa mbuni hata mmoja. Jambo hilo nilipaswa kulikumbuka mapema." Akatazama mabenchi. "Ana viti vya kutosha?"

"Sidhani."

"Projest atabeba mabenchi. Si anajua kuyatengeneza."

Akaenda kusimama kando ya pikipiki, akawapa mgongo Nikuze na Projest kwa makusudi, akaanza kumsifia Kokwijuka mwandiko wake.

Nikuze alipiga simu mbele ya Projest. Alimwamkia afisa, akamwambia anashukuru lakini hataweza kwenda Nkwenda. Alijiandaa kulaumiwa. Afisa alisema hakuna shida, kuna dada wa huko huko Kyerwa ameiomba sana nafasi hiyo, yeye alikuwa anamngoja tu Nikuze ajibu. Simu ikakatika. Nikuze akashusha pumzi ambayo alihisi ameishikilia tangu mwaka jana.

"Nimebaki," alisema.

Projest alitazama kofia yake, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Nisamehe kwa lile sanduku," alisema. "Nilitafuta cha kusema nikakosa. Nikaona nifanye ninachokijua."

"Umelianza?"

"Limebaki mfuniko."

"Limalizie. Halitaenda Nkwenda, lakini nitalihitaji. Bibi harusi huenda na nguo zake."

Projest akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo, na kule kwenye pikipiki mama yake akakisikia. Hakugeuka, ila maneno aliyokuwa akimwambia mjukuu yalikatika katikati.

Jioni ile, kabla ya kufunga, Nikuze aliziondoa karatasi zake mbili kwenye kitabu cha kijani akabandika za Kokwijuka. Kisha akaenda ukutani kusoma pendekezo jipya. Mwandiko ulikuwa wa mjukuu, maneno yalikuwa ya bibi.

"Kwa akina mama wenye kijana ambaye hajaoa. Kisomwe mapema."