Dengu za Mayige

"Dada, umenimwagia mtaji!"

Mektilda alishtuka, akatazama chini. Kisado cha dengu kilikuwa kimepinduka na dengu zimetapakaa mpaka chini ya meza ya muuza vitunguu. Alikuwa anarudi nyuma akipiga picha za magunia kwa simu, na soko la Bariadi siku hiyo lilikuwa limefurika. Alivaa gauni la kitenge cha njano na raba nyeupe ambazo vumbi lilikwisha kuzibadili rangi. Akapiga magoti kuokota. Mwenye dengu, kijana mrefu wa kijiji cha Sola mwenye shati la bluu lililokunjwa mikono, naye akapiga magoti.

"Samahani kaka. Nitazinunua zote."

"Zote? Una watoto wangapi?"

"Sina hata mmoja. Nazipeleka maabara."

Kijana, Mayige jina lake, akacheka mpaka akakaa juu ya gunia. Mektilda akamweleza. Yeye ni mtafiti wa lishe, mtoto wa wavuvi wa Nassa, kando ya ziwa. Dengu na soya zina kemikali inayofanana kidogo na homoni ya estrojeni. Anataka kujua ni kiasi gani kinaingia kwa mtu anayezila kila siku, na kama kinamsaidia au la. Kwa hiyo anauliza watu wanakula nini, kisha anaomba kichupa cha mkojo.

"Mkojo wangu?" Mayige akasimama. "Mayu, huku mkojo wa mtu hauendi mbali. Ukimfikia mganga, umekwisha."

"Mayu" ni neno la Kisukuma la kumwita mama kwa heshima. Mektilda alilipenda lilivyotoka mdomoni mwake.

"Basi mganga ni mimi."

"Ndiyo maana naogopa."

Mkojo hakutoa, akatoa namba ya simu. Wiki ya tatu walikuwa hawalali bila kupigiana.

"Umekula, Meki?"

"Bagia."

"Za nani?"

"Zako. Kwani mjini kuna dengu nyingine?"

"Sema tena, mpenzi, mtandao unakata."

Mtandao haukuwa unakata hata kidogo. Na kwa kuwa kanuni za utafiti zilikataza kumpima mwenza wa mtafiti, Mektilda hakumwomba tena kichupa.

Kisha likaja tangazo. Mektilda aliliandika haraka akalibandika kwenye lango la soko: *Utafiti wa homoni ya kike iliyomo kwenye dengu. Wanaume wanahitajika.* Neno "kike" ndilo lililoharibu kila kitu. Hadi saa sita mchana soko zima lilikwisha kujua kwamba dengu zinamgeuza mwanaume, na kwamba Mayige, anayezila asubuhi na jioni, keshageuka. Wachuuzi wakaanza kumsalimia kwa kuinama.

"Mwadila, mayu!" alipaza sauti Marcelo, muuza mitumba, kwa salamu ya Kisukuma, na watu wakaangua kicheko.

Wateja wakahamia kwenye maharage. Baba yake mdogo, mzee Salu, akaja kutoka Sola kumwambia kwamba ukoo hautapeleka mshenga kwa mwanamke anayewafanya vijana wao wachekwe. Mayige akapiga simu.

"Meki, umeniua."

"Nimekosea neno tu."

"Neno tu? Ninaitwa mama sokoni!"

"Kwani mama ni tusi?"

"Usinifundishe. Wewe una chuo cha kurudi. Mimi nina soko hili hili."

"Basi tuachane, ubaki na soko lako!"

Mektilda akakata simu, akalia kwa hasira, akanawa uso. Asubuhi wanaume wote waliojiandikisha walikuwa wamejitoa. Msimamizi wake akapiga kusema kwamba ikifika Ijumaa bila wanaume, sehemu yao ya utafiti inafungwa.

"Haifungwi," alisema Mektilda.

Ijumaa alivaa lile gauni la njano, akaazima spika ya muuza dawa za panya, akapanda juu ya kreti katikati ya soko.

"Nilikosea!" Sauti yake iliwafikia hata wauza kuku. "Dengu haina homoni ya mwanamke. Ina kitu cha mmea kinachofanana nayo, na ni dhaifu sana. Babu zenu wamekula dengu na wamewazaa baba zenu. Kama kuna madhara nitayaandika. Kama kuna faida nitaiandika. Lakini siwezi kupima kicheko!"

"Mpime mayu Mayige!" akajibu Marcelo.

Mayige aliweka kisado chini. Alikuwa amechoka kuchekwa, na alikuwa amemkosa Mektilda kwa siku nne. Akatembea mpaka kwenye kreti akiwa na sahani ya dengu zilizopikwa, chakula chake cha mchana, mkononi, akala vijiko vitatu mbele ya wote.

"Niiteni tena," alisema. "Mayu ndiye aliyenizaa, akalima mashamba ya mbugani na mimi mgongoni. Mkiniita mayu mmenipa heshima ambayo hata sistahili. Niiteni!"

Wachuuzi wakaanza kupanga bidhaa zao. Mayige akatoa mfukoni kichupa kilichojaa mkojo, mchana kweupe, akakiweka kwenye meza ya fomu za Mektilda. Marcelo alikitazama, akamtazama mke wake aliyesimama kando, ambaye hakuwa anacheka.

"Lete na mimi kimoja," akasema. Nyuma yake ukaanza mstari.

Mektilda akaanza na Mayige. Akafungua fomu.

"Umri?"

"Ishirini na tisa."

"Unakula dengu mara ngapi kwa wiki?"

"Kila siku, na nitaendelea."

Akafika swali la mwisho, akainua kalamu.

"Soma," alisema Mayige.

"Je, una uhusiano wowote na mtafiti?"

"Wewe ndiye uliyesema tuachane. Kama ni hapana, kichupa hicho ni chako. Kama ni ndiyo, mzee Salu apende asipende, mshenga anakuja Nassa Jumapili." Akainama karibu. "Kalamu unayo wewe, Meki."

Mektilda aliandika *ndiyo*, akaipigia mstari chini. Kisha akafungua kichupa na kuumwaga mkojo pale pale vumbini, na soko zima likashangilia.

"Anayefuata!" aliita.