Ndala za Mbele ya Friji

Nyumbani kwa Zunilda, mjini Itauguá, palikuwa na ndala za mpira ambazo hazikuwa za mtu. Zilikaa sakafuni mbele ya friji, mchana na usiku. Aliyetaka maji baridi ya tereré, chai ya majani inayonywewa baridi, alizivaa kwanza. Aliyetaka nyama alizivaa kwanza. Ukigusa mlango wa friji hiyo ukiwa peku, ulipigwa shoti.

"Inatekenya tu," mumewe Epifanio alizoea kusema. "Vaa ndala, fungua, toa kitu chako, funga. Shida iko wapi?"

"Shida ni kwamba imenizoea," alijibu Zunilda. "Hata mama yangu hakunipiga hivi."

Epifanio alicheka. Nusu ya mtaa wao ilikuwa na friji za namna hiyo, na ndala za namna hiyo. Watu walizitania kama mtu anavyomtania mbwa mkali wa jirani.

Mwaka huo waliamua kutengeneza jiko upya kabla ya Wiki Takatifu. Zunilda alitaka kuoka chipa, mikate ya wanga wa muhogo na jibini, ndani ya nyumba. Tanuri la udongo la uani lilikuwa likilowa kila mvua iliponyesha. Alinunua oveni ya umeme. Alichagua vigae vya buluu.

"Na waya?" aliuliza. "Zile za ukutani ni za zamani."

"Wilfrido ataziangalia."

Wilfrido alikuwa binamu yake Epifanio. Alikuwa dereva wa basi. Aliwahi kufunga taa za harusi mbili, na taa ziliwaka. Kwa hiyo ukoo mzima ulimwita fundi umeme.

Jumapili wakaitisha minga, kama ilivyo desturi. Ndugu na majirani walikuja kufanya kazi pamoja, na wenye nyumba wakawapikia. Wilfrido alisokota waya mpya juu ya waya wa zamani, akazungushia utepe, akausukuma ukutani. Mwingine akapiga plasta. Epifanio akabandika vigae juu yake. Soketi ilikuwa na matundu mawili tu, na plagi ya friji ilikuwa na miguu mitatu. Epifanio alikuwa ameukata mguu wa tatu kwa koleo siku nyingi zilizopita. Sasa akachomeka friji na oveni kwenye ekstensheni moja.

Jioni ukuta uling'aa. Zunilda mwenyewe alipiga makofi, akawasha oveni kuijaribu.

Kesho yake mvua ilinyesha. Arami, binti yao wa miaka saba, aliingia kutoka uani akiwa peku, nywele zikichuruzika maji. Alikuwa na kiu. Akashika mpini wa friji.

Zunilda alisikia mlio mdogo, kama wa kifaranga. Aligeuka. Mkono wa mtoto ulikuwa umeng'ang'ania mpini. Mwili ulitetemeka. Mdomo ulikuwa wazi, sauti haitoki. Zunilda aliliacha beseni likaanguka, akamrukia.

"Usimshike!"

Alikuwa Ña Blásida, yaani Bi Blásida, jirani yao, aliyekuja kurudisha chekeche. Yeye alikuwa fundi umeme wa kweli, aliyesomea kazi hiyo na kuifanya maisha yake yote.

"Ukimshika mtakwama wote wawili! Zima meni! Meni, Zunilda!"

Swichi hiyo kubwa ya umeme wa nyumba nzima ilikuwa kando ya mlango. Zunilda aliipiga kwa kiganja. Arami akaanguka sakafuni. Kukawa kimya. Kisha akavuta pumzi. Kisha akalia, na kilio kile kilikuwa kitamu kuliko wimbo wowote.

"Haya, kituo cha afya, sasa hivi," alisema Ña Blásida.

"Lakini analia, anasimama..."

"Umeme unaweza kuusumbua moyo hata kama mtu amesimama. Apimwe."

Huko walimpima moyo, wakamwangalia hadi jioni, wakamfunga bendeji kwenye kiganja kilichoungua. Wakamruhusu.

Epifanio aliporudi kutoka kazini alimkumbatia binti yake muda mrefu. Kisha akasema neno ambalo hangelisema kama angefikiri.

"Kwa nini hukuvaa ndala, mwanangu? Si nimesema kila siku?"

Zunilda alisimama polepole.

"Rudia."

"Nasema tu..."

"Mtoto ana kiu, anafungua friji ya kwao, karibu afe. Na kosa ni la miguu yake?"

"Zunilda, watu wote huku..."

"Watu wote huku ni wajinga, na mimi mmoja wao! Nimenunua ndala mpya kila zilipochakaa! Mbwa akiuma mtoto utamfunga. Friji inauma, wewe unaiwekea ndala!"

Aliziokota ndala akazirusha uani, gizani, kwenye tope. Arami alianza kulia tena. Zunilda alimbeba, lakini hasira haikushuka.

Asubuhi Ña Blásida alikuja na begi lake. Alizima meni. Alipima soketi kwa bisibisi yake maalumu kuhakikisha haina umeme. Ndipo akafungua kifuniko chake.

"Sikilizeni," alisema. "Umeme unavuja ndani ya friji na kufika kwenye bati lake. Ule mguu wa plagi uliokatwa ndio ungeupeleka ardhini. Mmeukata, na hata ukutani hakuna waya wa ardhi. Basi umeme unangoja. Mtu aliyelowa, aliye peku, anapogusa, yeye ndiye anakuwa waya."

"Na ndala?" Epifanio aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ndala zinamkinga aliyezivaa, siku zisipolowa, siku asipogusa sinki kwa mkono wa pili. Friji bado ni mbovu."

"Basi nitanunua friji nyingine."

"Friji itatengenezwa. Ubaya zaidi uko nyuma ya vigae. Oveni inavuta umeme mwingi. Ule waya mwembamba utachemka humo ndani, na hamtaona mpaka moto utoke."

Epifanio aliutazama ukuta wa buluu. "Tumeumaliza juzi. Ukoo mzima umefanya kazi. Wilfrido atachukia."

"Achukie!" alisema Zunilda. Akachukua nyundo.

"Ngoja," Ña Blásida alimshika mkono. "Hasira yako ni ya haki. Lakini hata hasira hupima kwanza." Akapima tena ukutani, akahakikisha meni imezimwa. "Sasa piga."

Zunilda alipiga. Vigae alivyovichagua mwenyewe vilipasuka, vikaanguka miguuni pake. Alipiga kwa ajili ya kiganja cha Arami. Alipiga kwa ajili ya makofi aliyopiga Jumapili. Plasta ilipobomoka, waya ulionekana. Wilfrido aliusokota siku mbili tu zilizopita, na tayari utepe wake ulikuwa mweusi, umeyeyuka.

Epifanio aliugusa utepe ule. Alichukua patasi akapiga magoti kando ya mkewe.

Safari hii walianza na chaki. Ña Blásida aliwataka wachore kila kitu ukutani kabla ya kununua hata msumari: sinki hapa, friji kule, oveni hapa, na soketi zote mbali na maji. Oveni ilipata waya wake mnene na swichi yake yenyewe inayojikata umeme ukizidi. Kila soketi ikapata waya wa ardhi, na friji ikatengenezwa na kuwekewa plagi mpya yenye miguu mitatu. Epifanio alichimba njia za mabomba ya waya na kupiga plasta. Kuunganisha aliachiwa fundi. Kabla ya kufunika, walipiga picha ukuta, ili atakayetoboa baadaye ajue waya umepita wapi. Mwisho Ña Blásida alifunga kifaa kinachokata umeme mara tu unapovuja.

"Bonyeza kitufe hiki kila mwezi," alimwambia Zunilda. "Kikikata, kiko hai. Kisipokata, niite."

Vigae havikutosha. Sehemu moja ilibaki saruji tupu. Zunilda alisema iachwe hivyo.

Jumatano Takatifu nyumba ilinukia chipa. Wilfrido alikuja, akavua mabuti yaliyolowa mlangoni. Alikuwa amekwisha kusemwa, na alikuja na aibu yake. Alisimama mbele ya friji akitazama sakafu.

"Ndala ziko wapi?"

"Mama alizitupa," alisema Arami. Akapita mbele yake akiwa peku na kufungua mlango. Zunilda aliacha kukanda. Aliutazama mkono ule mdogo wenye kovu mpaka ulipotoka na jagi la maji.

"Bado nina hasira nawe, Wilfrido," alisema. "Chukua chipa."

Wilfrido akachukua.

"Na kwako? Friji yako inatekenya?"

Wilfrido alishusha chipa kabla haijafika mdomoni. "Kidogo tu, dada. Tuna ndala..."

Alisikia maneno yake mwenyewe. Alikuwa na watoto wanne.

Epifanio aliinuka mezani. "Kazime friji yako leo hii, na watoto wasiiguse," alisema. "Kesho nakuja na Ña Blásida. Nyundo nitabeba mimi."