Ukoka wa Uwanja wa Chekechea

Pale Chiwata, mtu akimwona Kibibi anamwagilia ukoka, alicheka kwanza, kisha akasalimia. Tangu enzi za mababu, watu wa huku wanaung'oa ukoka kwenye mikorosho na mihogo. Kibibi na mumewe Awadhi waliupanda, tena kwa mistari!

Walikuwa na sababu. Uwanja wa chekechea ulikuwa vumbi na kokoto tupu. Binti yao Rahima alisoma hapo, na magoti yake hayakupona.

"Nioteshieni ukoka," Mwalimu Dorika aliwaambia. "Lakini uwe ukoka mtupu. Ukiwa na magugu, siuchukui. Nitaagiza Newala."

Walipanda kwenye bustani yao. Ukoka ukashika, na magugu nayo yakashika. Ziliota nyasi pana zenye mashuke, na ndago. Awadhi akashika jembe. Mtu yule si mvivu, hata wakwe zake wanakiri. Alipalilia kila asubuhi, akayaacha magugu palepale yakauke, kama afanyavyo chini ya mikorosho.

"Jua litayamaliza," alisema.

Jua halikuyamaliza. Yalizidi kuwa mengi. Kibibi alikaa kando ya bustani akalia.

"Baba Rahima, Mwalimu akija tutamwonyesha nini?"

Siku hiyo akaenda kumwita Oliva, bibi shamba wa kata yao.

"Shikamooni," Oliva alisema alipofika.

"Marahaba, mwanangu. Karibu uone aibu yetu," alijibu Awadhi.

Oliva aliinama, akashika gugu lililopaliliwa siku chache nyuma. Alilivuta, likagoma. Lilikuwa limeshatoa mizizi mipya.

"Hili nani kalipanda?" aliuliza.

"Mimi siyo!"

"Ni wewe, baba. Kule kwenye mikorosho udongo ni mkavu, gugu likilala linakufa. Hapa mnamwagilia kila siku. Mnalinywesha pamoja na ukoka. Na lenye mashuke likilala hapa, linamwaga mbegu."

Awadhi alilitazama jembe lake. "Kumbe nilikuwa napalilia huku napanda!"

Kibibi akaangua kicheko.

"Sasa tufanyeje?" aliuliza.

"Jembe lipumzike, maana linakata na ukoka. Mwagilieni kwanza, udongo ulainike. Kisha ng'oeni kwa mkono, na mizizi yake, kabla gugu halijatoa mashuke. Ndago ichimbeni kwa kijiti mpaka kile kiazi chake kidogo kitoke. Kikibaki, itaota tena. Magugu yote tieni kwenye ndoo, mkayachome mbali. Hata moja lisilale hapa."

"Na ukoka wenyewe?"

"Ukateni mara kwa mara. Ukikatwa unatambaa na kuziba ardhi. Magugu yakikosa nafasi na mwanga, yataota wapi?"

"Ile kona iliyoharibika kabisa?"

"Pale ng'oeni vyote, magugu na ukoka. Mwagilieni, lakini msipande. Magugu yaliyojificha yatachomoza. Yang'oeni yakiwa machanga, mrudie tena. Yakipungua, ndipo mpande."

Kazi ilikuwa ya mgongo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Kibibi aling'oa, Awadhi akabeba ndoo. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Ukoka ukatandaa, mzito na wa kijani, hata ile kona.

Mwalimu Dorika alipokuja, alichuchumaa akaupekua kwa vidole.

"Huu nauchukua wote," Mwalimu alisema.

Kibibi alifurahi mno, akapiga vigelegele peke yake.

Leo watoto wa chekechea wanabingirika kwenye ukoka huo uwanjani. Magoti ya Rahima yamepona.

Ijumaa iliyopita, Kibibi alikuwa anafua kanzu ya mumewe. Mfukoni akakuta gugu, na mizizi yake.

"Baba Rahima, hili nini tena?"

"Nilipita uwanjani nikitoka msikitini, nikaliona limechomoza katikati ya ukoka."

"Ndiyo ulitie kwenye kanzu?"

"Sikuwa na ndoo, mama. Ulitaka nilitupe chini?"