Mashine Iliyokutwa na Joto

Ieleweke kwa wasomaji wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba Jumamosi ile ya Novemba, Loris Bergonzoni alipofunga mlango wa nyumba yake na kuanza kushuka ngazi, jiji zima la Bologna lilishusha pumzi na kusubiri. Yeye mwenyewe alihisi hivyo. Alipofika chini akahisi pia kwamba amevaa soksi mbili za rangi tofauti na kwamba pochi ameiacha mezani, akapanda tena hadi ghorofa ya tatu.

Loris alikuwa fundi miwani wa miaka thelathini na mmoja, mrefu, mwembamba, mwenye haya kiasi kwamba akipiga kikumbo mlango huuomba radhi. Tangu utotoni alitamani kitu kimoja duniani: mashine ya gemu. Si hizi za kushika mkononi. Alitaka ile kubwa inayosimama kama kabati, yenye fimbo na vitufe na tundu la sarafu, kama zilizokuwa zikipiga kelele pembeni mwa kila baa alipokuwa mdogo. Iwe yake, nyumbani kwake, karibu na dirisha.

Ukumbi wa maonyesho ya vitu vikuukuu vya umeme ulifurika watu. Harufu ya maandazi ya kukaanga ilichanganyika na harufu ya nyaya zilizoungua. Mashine mia moja zililia kwa pamoja, na mbele ya moja kati ya hizo alisimama mzee mnene wa koti la ngozi.

"Tazama kioo hicho, kijana! Rangi zinang'aa kama siku ilipotoka kiwandani. Nimeitunza kuliko mke wangu."

"Ni nzuri sana," alisema Loris, mkono umeshaingia mfukoni.

"Mkeo mwenyewe anasemaje?" iliuliza sauti nyuma yao.

Alikuwa msichana wa ovaroli la kijani, skafu ya njano shingoni na viatu vyekundu vya mvua, ingawa siku hiyo hakukuwa na mvua. Hakungoja jibu. Alizunguka nyuma ya mashine, akabandika kiganja mgongoni mwake kama mama anayepima homa.

"Ina joto kama tumbo la paka. Imewashwa tangu lini, mzee wangu?"

"Tangu asubuhi, binti yangu. Si lazima wateja waone?"

"Basi izime. Mimi na kaka huyu tunakwenda kunywa kahawa. Tukirudi itakuwa imepoa, utaiwasha mbele yetu."

Uso wa mzee ulibadilika rangi. "Nina wateja wengine. Kama hamnunui, sogeeni."

Msichana alimshika Loris kwenye kiwiko na kumwondoa pale. "Umeona? Mashine mgonjwa ikishapata joto hujifanya mzima. Ikipoa, haiamki, na wakati huo uko nayo sebuleni kwako. Mashine ya kununua inakutwa baridi, kaka. Hiyo ni sheria ya kwanza. Ukiikuta imepashwa, shika pochi yako ukimbie."

"Na sheria ya pili?"

"Sheria ya pili, aliyeokolewa hulipa kahawa."

Jina lake lilikuwa Ilenia Zuffi. Nje ya mji alikuwa na ghala la kupanga ambalo zamani lilijaa mashine za kukodishwa kwenye mabaa. Zilikuwa zimeuzwa zote ila moja, na mwisho wa mwezi ghala lilipaswa kurudishwa kwa mwenyewe. Hiyo moja ilikuwa na mchezo wa fuko mwekundu anayechimba mahandaki huku akifukuzwa na mkulima mwenye jembe. Loris aliposikia habari za fuko, kijiko kilimponyoka kikaangukia kwenye kahawa. Huyo ndiye fuko aliyemlia sarafu zote za utoto wake.

Wiki tatu zilizofuata, simu zao hazikupoa.

"Haloo, fundi miwani. Umepima mlango?"

"Nimepima. Sentimita themanini."

"Na ngazi?"

"Ngazi zipo."

"Loris, sikuuliza kama zipo. Kona ya ngazi umeipima?"

Ikasikika droo ikifunguliwa, futi ya kupimia ikitafutwa.

"Ee Mungu," alisema Ilenia, "kati ya wanaume wote, mbona umenipa huyu?"

"Kwa hiyo umepewa?"

"Pima kona, Loris."

Walikula tambi za tortelini pamoja mara mbili. Walitembea chini ya vibaraza vya mji wakiwa wameshikana mikono, na mara moja, nyuma ya nguzo, walifanya zaidi ya kushikana mikono. Loris alimweleza habari za utoto wake, baa ya mtaani kwao, fuko, jinsi atakavyolisogeza kochi. Alimweleza mengi sana. Lakini yeye mwenyewe hakumuuliza Ilenia hata moja, wala hakugundua kwamba hajauliza.

Walikubaliana Jumapili saa nne asubuhi Loris aje ghalani kuiona mashine. Saa tatu na dakika ishirini Loris alikuwa mlangoni, amevaa koti jipya la buluu, mkononi sanduku la keki ndogo lililofungwa kwa utepe. Alitaka kumshtua mpenzi wake, na kwa kweli alimshtua. Ilenia alikuwa amesimama mbele ya mashine, nywele timutimu, macho mekundu.

"Umekuja mapema," alisema, akajifuta uso na skafu.

"Nilishindwa kungoja, roho yangu." Akaweka sanduku mezani, akambusu shavuni. Kisha, kwa kujitia ujuzi, akazunguka nyuma ya mashine na kubandika kiganja mgongoni mwake kama alivyofundishwa.

Ilikuwa moto.

Alitazama kioo. Kilikuwa kinaonyesha orodha ya washindi, mistari kumi, na kila mstari ulikuwa na herufi zilezile tatu: BRU, BRU, BRU, hadi chini.

"Imepashwa," alisema Loris.

"Nini?"

"Nimekuja kabla hujamaliza kuipika, sivyo? Ningefika saa nne ningeikuta imeshajifanya nzima."

Ilenia alimtazama kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. "Unanifananisha na yule mzee wa koti la ngozi?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha kupima."

"Nilikufundisha kupima mashine. Sikukufundisha kupima watu."

"Na huyo Bru ni nani? Anayekuja kucheza na wewe huku porini asubuhi ya Jumapili?"

Hapo Loris mwenyewe alijua ameteleza, lakini maneno yakishatoka hayana kamba ya kuyavuta. Ilenia alichukua sanduku la keki lililokuwa mezani, akamrudishia mkononi taratibu.

"Mlango ndio ule, Loris. Huo hauna kona."

Mchana ulimkuta mezani kwa mama yake, akiikoroga supu bila kuila. Mama yake, Bi Wilma, alikuwa amefanya kazi kwenye kaunta ya baa miaka ishirini, na uso wa mwanamume aliyeachwa aliweza kuutambua kutoka upande wa pili wa barabara.

"Umemfanya nini yule binti?"

"Mimi? Yeye ndiye mwenye bwana mwingine. Anaitwa Bru."

"Bru? Na binti mwenyewe? Si uliniambia ni Zuffi?"

"Ndiyo."

"Zuffi wa mashine?" Bi Wilma aliweka chini upawa wake. "Loris, baba yake, Bruno Zuffi, ndiye aliyetuletea mashine pale baa. Ile ya fuko uliyoing'ang'ania mpaka nakuvuta masikio, nani aliileta mgongoni? Alifariki Februari. Si nilikutuma ukaninunulie maua? Ukarudi na mmea wa nyanya."

Loris aliweka kijiko chini. Alikuwa anaufikiria ule mgongo wenye moto. Mashine za zamani zile hazina kumbukumbu: ukizima tu, orodha ya washindi inafutika yote. Mistari kumi ilimaanisha michezo kumi mizuri, bila kuzima. Mtu anayepasha mashine ili amuibie mnunuzi huiwasha akaenda kunywa chai, hachezi. Ilenia alikuwa amesimama pale tangu alfajiri, katika baridi ya Novemba, akicheza kwa jina la baba yake hadi akaijaza orodha nzima, kwa sababu saa nne mnunuzi atakuja kuinunua.

Na mnunuzi alikuja mapema.

"Mama," alisema, "mimi ni punda."

"Hilo tulijua. Sasa kula, punda mwenye njaa hafiki mbali."

Alipiga simu mara tisa. Ya kumi ikapokelewa.

"Usinipigie," alisema Ilenia. "Yule mzee wa maonyesho anaichukua kesho saa kumi na moja jioni. Yeye angalau anajulikana ni mwongo."

Jumatatu Loris alifunga duka mapema, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu arithi funguo. Alipanda baiskeli. Mvua ilianza darajani na haikumwacha hata hatua moja, hivyo alipofika ghalani koti jipya la buluu lilikuwa limemchujia rangi hadi shingoni. Ilenia alikuwa ameketi juu ya kreti, akisubiri lori. Mashine ilikuwa imezimwa na kufungwa blanketi.

"Kama umekuja kununua, umechelewa," alisema.

"Sikuja kununua."

"Umekuja kufanya nini?"

"Kuuliza." Maji yalimdondoka puani. "Wiki tatu nimekueleza habari za mashine yako wewe mwenyewe. Sikukuuliza ilikuwa ya nani. Nieleze habari za Bruno."

Ilenia alimtazama kuanzia kola hadi viatu. Kisha akacheka kidogo, bila furaha. "Mwili wako mzima umekuwa buluu."

"Nieleze."

Basi akamweleza. Baba yake alikuwa na mikono mikubwa isiyoweza kucheza hata mchezo mmoja; fuko wake alikuwa akifa sekunde ya kumi. Kwa hiyo tangu ana miaka saba Ilenia ndiye aliyekuwa akicheza, na akishinda huandika BRU, ili baba apite mabaa yote ya mkoa akijiona bingwa. Watu walimpigia makofi. Yeye alikuwa akiinama kushukuru, mwongo mkubwa. Siku ya mazishi wenye baa watatu walimpa Ilenia mkono na kumwambia kwamba mkoa umepoteza kidole cha dhahabu.

Alipofika hapo alilia, na Loris, ambaye alikuwa na busara ya kutosha kwa siku hiyo, alichomoa leso mfukoni. Akampa. Nayo ilikuwa buluu.

Honi ililia nje. Mzee wa koti la ngozi aliingia akisugua viganja. "Haya, binti yangu, tupakie?"

Ilenia alisimama. "Samahani kwa safari, mzee wangu. Imeuzwa."

"Kwa nani?"

"Kwa huyu aliyelowa."

"Ilenia," alisema Loris, "nimekwambia sikuja kununua."

"Ndiyo maana nakuuzia. Na utalipa bei ileile, usinitolee macho ya huruma."

"Huyu?" mzee alibisha. "Huyu hajui hata kufungua mgongo wake!"

"Na hataufungua. Mle ndani kuna umeme wa kumbandika mtu ukutani. Nitaufungua mimi."

Mzee aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaelewa kwamba hii si biashara tena, akaondoka akilaani mvua na vijana.

Jumamosi mashine ilihamia mjini. Loris alikuwa ameipima kona ya ngazi mara nne. Akakosea mara nne. Mashine ilikwama kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, ikazuia jengo zima kwa saa moja na nusu, na bibi mmoja aliyekuwa na mboga zake alilazimika kula mchana kwa watu asiowasalimu tangu uchaguzi. Mwishowe likaitwa gari la wahamishaji lenye ngazi ndefu ya kupandishia vyombo. Fuko mwekundu akapaa juu ya barabara hadi dirisha la ghorofa ya tatu, Ilenia chini akipiga kelele, "Polepole, jamani! Hilo si friji!" na mtaa mzima umetoka vibarazani kutazama.

Ilipowekwa mahali pake Loris alinyoosha mkono kwenye swichi. Ilenia akampiga kofi kiganjani.

"Thubutu! Imetoka baridini, imejaa unyevu. Haiwashwi mpaka kesho."

"Kesho? Nimengoja miaka ishirini!"

"Basi ngoja na siku moja."

Wakaketi sakafuni mbele ya kioo cheusi, bega kwa bega, wakitazama vivuli vyao wenyewe. Jua la alasiri lilikuwa limeingia dirishani. Ilenia alivua vile viatu vyekundu.

"Itakapowashwa," alisema Loris, "nataka uwepo."

"Nitakuja asubuhi."

"Na siku ya pili yake. Na kila itakapowashwa."

"Loris Bergonzoni, hii ni posa au ni mkataba wa matengenezo?"

"Ni posa. Matengenezo pia nitayahitaji, lakini ni posa. Orodha ile ikifutika kila siku, kila siku tutaijaza upya. Utaandika BRU. Mimi nitakufa sekunde ya kumi na kukupigia makofi."

Ilenia aligeuka akamtazama, na akamjibu kwa maneno mazuri kuliko yote yaliyowahi kutamkwa katika lugha ya binadamu, maneno ambayo heshima hainiruhusu kuyarudia hapa.

Basi. Nimebanwa, acha niseme ukweli. Heshima haihusiki. Maneno hayo sikuyasikia, kwa sababu wakati huo mlango ulifunguliwa ghafla, nami niliyekuwa nimeuegemea kwa sikio nikaingia sebuleni kifudifudi. Naishi ghorofa ya pili. Siku za wiki nalala bweni kwa mapadri, wanakonifundisha unyofu wa moyo. Nikasema nilikuwa nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndara.

Ilenia alisimama juu yangu pekupeku, machozi yakimtiririka, akicheka hadi ameshika fremu ya mlango. Nyuma yake Loris alikuwa bado sakafuni, amejifunika uso kwa viganja, mabega yakimtikisika.

"Tangu lini uko hapo?" aliuliza Ilenia.

"Tangu kwenye swichi," nilikiri.

"Haya inuka, mbea wee." Akanivuta kwa kola. "Tulikuwa tunatafuta shahidi."