Élise Hakusema Ndiyo

Jumatatu ile Élise hakwenda masomoni.

Mama yake, Godelive, alimkuta amejifunika blanketi, amegeukia ukuta. Baridi ya Butembo ilikuwa bado inaingia chini ya mlango. Chai ilikuwa tayari, na viazi vitamu vilikuwa kwenye sahani.

"Élise, saa moja imepita. Hauende?"

"Hapana, mama."

"Uko mugonjwa?"

"Hapana."

"Donc? Basi ni nini?"

Élise akavuta blanketi juu ya kichwa.

Godelive alisimama pale na sahani mkononi. Hakuelewa. Élise alikuwa na miaka ishirini na moja. Alikuwa mwaka wa pili katika institut, yaani chuo, akisomea ualimu. Hata siku risasi zilipolia upande wa Kalunguta, alikwenda. Hata juma lile walipomzika baba yake, alikosa siku mbili tu. Baba yake, Sikuli, aliuawa katika mwaka wa pili wa vita, akirudi kutoka Manguredjipa. Tangu hapo Godelive alibaki na binti huyu na shamba la maharagwe.

Jumanne Élise hakwenda. Jumatano pia.

Jumatano mchana kijana mmoja alipiga hodi. Shati lake lilikuwa safi, na kalamu mbili zilikuwa mfukoni. Aliitwa Phinées. Alikuwa chef de promotion, yaani mkubwa wa wanafunzi wa darasa la Élise. Wakati huo wa vita karatasi zilikuwa shida. Kila somo lilikuwa na syllabus moja tu, daftari lenye mafundisho ya mwalimu, na Phinées ndiye aliyezitunza. Aliyetaka kunakili alikwenda chumbani kwake.

"Mama, nimekuya kusalimia Élise," alisema. Alikuwa ameleta sukari na sabuni.

Godelive alifurahi. "Karibu, mwanangu! Ikala. Wewe njo uko na akili. Benzako hata mumoja hajafika. Élise! Mugeni wako!"

Mlango wa nyuma ukagonga. Godelive alipotazama, alimwona binti yake akikimbia kati ya migomba, bila viatu, kuelekea kwa jirani.

Phinées aliweka kikombe chini. "Eko na haya tu, mama," alisema. Akaondoka upesi.

Jirani yao alikuwa Mama Kapinga, muuguzi wa hospitali. Serikali ilimtuma kutoka Kasai kabla ya vita. Barabara zikafungwa, naye akabaki. Godelive alimkuta amesimama nje ya nyumba yake mwenyewe. Élise alikuwa ndani, juu ya kiti kidogo, magoti yamebanana.

"Mama Kapinga, juu ya nini unasimama inje ya nyumba yako?"

"Nilimuuliza kama naweza kuikala karibu yake. Alisema hapana. Njo maana nasimama."

"Mutoto anakukataza kuingia kwako, na wewe unatii?"

"Mwili ni wake, Mama Élise. Woga pia ni wake. Nangoja."

Godelive hakujua acheke au akasirike. Akasimama naye. Walikaa hivyo muda mrefu, wanawake wawili wazima, kama watu wanaongoja mvua ipite.

Kisha Élise akasema, bila kuwatazama. Jumamosi alikwenda kwa Phinées kunakili. Phinées akafunga mlango. Akaanza kumshika. Élise akamwambia aache, akamsukuma. Phinées hakuacha.

"Nilisema 'wacha' mara mbili. Kisha sauti ikapotea. Nikanyamaza mpaka akamaliza. Akaniambia: 'Ulikuya wewe mwenyewe, tena ulinyamaza. Donc ulitaka.'" Élise aliinua macho. "Mama, mi sijui tena. Nilitaka?"

Godelive alikumbuka siku watu wa Sikuli walipokuja kumposa. Waliuliza kama anakubali. Yeye alitazama mkeka tu. Shangazi zake wakapiga vigelegele: "Amenyamaza! Amekubali!" Na kweli alimpenda Sikuli. Basi kunyamaza ni nini?

"Mama Kapinga," alisema polepole, "kwetu binti akinyamaza, tunasema amekubali."

Kapinga hakumkemea. "Mwezi uliopita, pale barrière, kwenye kizuizi cha barabara, baaskari balichukua gunia yako ya maharagi. Ulipiga kelele?"

"Nipige kelele na bunduki iko pale? Nilinyamaza."

"Ah, donc uliwapatia zawadi."

"Zawadi gani! Balininyanganya!" Godelive alisema kwa hasira. Kisha akasita. Akamtazama binti yake.

"Umeona?" alisema Kapinga. "Woga unafunga kinywa. Wengine banalia, wengine banapiga, wengine banakauka kama muti. Hakuna hata mumoja mwenye alikubali. 'Ndiyo' inatoka kwa mutu mwenye anaweza kusema hapana bila kuogopa. Élise alifuata syllabus. 'Ndiyo' yake ilikuwa ya syllabus tu."

"Na kama alikuwa ameanza kwa kukubali?"

"Hata angekubali kwanza, akibadilisha mawazo, mwanaume anaacha. Kama haelewi, anauliza. Kuuliza hakuvunji mutu mufupa. Na yule mwenye kushika syllabus, ao points za mitihani, ao mulango, yeye njo anapaswa kuuliza zaidi, juu batu banamuogopa."

Kisha akamgeukia Godelive. "Ile siku ya posa, kama haungemutaka Sikuli, nani angejua?"

Godelive alitamani kumuuliza Sikuli mwenyewe: ulijua, au uliamini tu vigelegele? Lakini Sikuli hakuwepo tena.

"Sasa hospitali," alisema Kapinga. "Jambo kama hili halingoje hata siku moja, na tayari siku nne zimepita. Lakini leo ni bora kuliko kesho. Élise, unakubali twende?"

"Ndiyo."

"Mama yako aende na sisi?"

Élise alimtazama mama yake. Alichelewa kujibu, na kuchelewa kule kulimuuma Godelive kuliko tusi. "Ndiyo," alisema mwishowe.

Ijumaa akaja Eliezer, mdogo wake Sikuli, kutoka Kasugho. Watu wa Phinées walikuwa wamempelekea habari. Alikaa kwenye kiti cha marehemu bila kuambiwa.

"Shemeki, jambo hili liishe katika familia. Kijana eko tayari kumuoa. Mbuzi za amende, za kulipia kosa, ziko njiani. Kisha tutazungumza mahari."

Moyo wa Godelive ukaanza kuyumba tena. Tangu Sikuli afe, neno la Eliezer lilikuwa neno la nyumba. Na ndoa ingefunga midomo ya watu. Je, haingekuwa heri?

"Umemuuliza Élise?" alisema.

"Kuuliza! Tangu lini?"

Godelive akamgeukia binti yake. "Élise, unataka kuolewa na Phinées?" Akangoja. Eliezer alikohoa, akataka kusema. Godelive akamwinulia mkono.

Élise akasema: "Hapana."

"Nimesikia. Shemeki, mbuzi zirudi."

"Unasikiliza Mukasai kuliko mimi? Sikuli angekuwa hapa..."

"Sikuli hako. Mi niko."

Jumatatu wanawake watatu walikwenda institut. Kabla ya kutoka, Kapinga alimuuliza Élise kama yuko tayari, na nani aseme. Élise alitaka kusema mwenyewe.

Mkuu wa masomo alikuwa mzee wa miwani. "Mais, lakini yeye mwenyewe alikwenda kwa Phinées," alisema.

"Nilikwenda kunakili," alisema Élise. "Nyinyi njo mulimupatia syllabus zote."

Mzee akavua miwani. Kapinga akaweka karatasi ya hospitali mezani. Godelive hakufahamu Kifaransa chote kilichofuata. Alifahamu mkono wa binti yake uliotafuta wake chini ya meza.

Juma lile wasichana wengine wawili walikuja kusema habari za chumba kilekile. Phinées alivuliwa ukubwa wa darasa, kisha akafukuzwa. Karatasi za kesi yake zilipelekwa kwa mwendesha mashtaka, na huko mambo ya wakati wa vita hayana haraka. Syllabus zikahamishwa. Sasa wanafunzi wananakili katika bibliothèque, yaani maktaba, kwenye meza ndefu, mlango wazi. Walimu wawili wanawake wamechaguliwa kupokea mwenye shida. Mwanafunzi anaambiwa aje upesi, na kwamba hatalaumiwa. Vijana wa kiume nao walikalishwa, wakafundishwa. Wengine walicheka mwanzoni. Mmoja aliuliza, "Na kama eko na haya tu?" Mwalimu akamjibu, "Basi mungoje mpaka aseme."

Élise alirudi darasani baada ya majuma matano. Zipo asubuhi anafika njia panda, anarudi nyumbani. Godelive hamsukumi, ingawa bado kuna mengi asiyoyaelewa. Eliezer hajakanyaga tena pale nyumbani.

Mitihani inaanza tarehe kumi na mbili ya mwezi wa saba. Jina la Élise liko kwenye orodha.